Ufunguo wa Betri Usikae kwa Mtu Mmoja



Wiki tatu zilizopita tulibishiwa hodi alfajiri, kabla hatujakunja miswala. Mlangoni alisimama jirani yetu wa hapa Mji wa Kale, mama wa watoto wanne, mkononi ana kikopo cha plastiki chenye kalamu mbili za insulini zilizoviringishwa katika taulo. Insulini ni ya mavyaa wake, na alitaka kuihifadhi katika friji yetu, maana sisi twapata stima kwa laini nyingine na yetu ilikuwa ingaliwaka. Upande wake wa mtaa ulikuwa gizani tangu usiku. Giza hilo si jambo geni kwa yeyote kati yetu. Lililomkera ni kwamba nyumba yake ina paneli za sola na betri kubwa ya lithiamu, iliyonunuliwa kwa akiba ya mumewe anayefanya kazi Doha, na betri hiyo ilizima saa tisa za usiku. Ilikuwa mara ya tatu katika mwezi mmoja.

"Nilitazama kioo cha inveta kabla ya kulala," alituambia. "Kiliandika asilimia 50. Nikasema alhamdulillah, nikalala. Kilichoniamsha ni joto, pangaboi limesimama."

Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za joto, na friji iliyozima hushika baridi yake kwa muda wa saa 4 hivi iwapo mlango haufunguliwi. Katika nyumba yenye watoto wanne mlango wa friji haukai umefungwa saa 4. Kwa hiyo jambo hili halikuwa la starehe. Tukamwomba mpwa wetu, ambaye ni fundi wa sola mwenye leseni, atufuate nyumbani kwa jirani baada ya Adhuhuri, na tuliyoyaona huko ndiyo tunayotaka kuyaeleza leo. Twajua ziko nyumba nyingi za wasomaji wetu zilizofunga betri za namna hii, khasa baada ya usiku ule wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipoifunika karibu nchi nzima, na katika nyingi ya nyumba hizo mama ndiye anayebaki na betri, ilhali aliyeelezwa namna inavyotumika ni mtu mwingine.

Tuanze na kitu chenyewe. Ndani ya sanduku lile la chuma mna seli 16, kila moja ya volti 3.2, ambazo jumla yake ni volti 51.2. Betri ya jirani yetu ni ya ampea-saa 100, na ukizidisha hesabu hiyo wapata uniti 5 na chembe, uniti zile zile tunazonunua kwa tokeni. Seli zimefungwa kwa mfuatano, kama shanga katika uzi mmoja, na umeme wa moja lazima upitie zote. Zimetengenezwa kwa lithiamu, chuma na fosfati, mchanganyiko uliotokana na kazi ya John Goodenough na wenzake huko Texas katika miaka ya 1990. Mzee huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa mchango wake katika betri za lithiamu, akiwa na umri wa miaka 97. Sifa ya seli hizi ni utulivu wake, kwani si wepesi wa kushika moto kama baadhi ya lithiamu nyingine, nazo huishi miaka mingi. Lakini zina mipaka. Seli ikijazwa kupita volti 3.65 huumia, na ikishushwa chini ya volti 2.5 huumia vile vile.

Ndiyo maana betri huja na msimamizi wake, kibao cha elektroniki ambacho mafundi hukiita BMS. Msimamizi huyu hupima kila seli peke yake, hupima joto, huhesabu umeme unaoingia na unaotoka, na seli yoyote, hata moja tu, ikifikia kikomo hukata njia. Hangoji jumla. Seli 15 zaweza kuwa na nguvu ya kutosha, lakini ya 16 ikiishiwa, nyumba yote inazima. Kazi yake nyingine ni kusawazisha: iliyotangulia kujaa hupunguzwa kidogo kidogo ili zilizo nyuma zifike. Kazi hii huifanya pole pole sana, na katika betri nyingi huifanya seli zikaribiapo kujaa tu.

Jambo la kwanza lililotukwamisha lilikuwa kumfikia msimamizi huyo. Jirani yetu aliamini kwamba ni mumewe pekee awezaye kuisoma betri, kwa kuwa siku ya kufungwa fundi aliweka programu katika simu ya mume, na simu hiyo ikapanda ndege kwenda Doha. Kumbe programu ile husema na betri kwa Bluetooth, na Bluetooth haivuki hata ukuta wa mawe ya matumbawe wa nyumba zetu hizi, sembuse bahari. Kwa miezi 7 hakuna binadamu aliyeisoma betri ile. Mume alidhani nyumbani wanaiona, na nyumbani walidhani mume anaiona.

Twaeleza hapa tulivyofanya, kwa maana ni jambo ambalo msomaji aweza kulifanya bila bisibisi wala kugusa waya. Ubavuni mwa betri huwa kuna kibandiko chenye jina la betri na nambari yake, na mara nyingi alama ya QR inayokupeleka kwenye programu. Kama kibandiko kimefutika, jina la programu huwa katika kijitabu kilichokuja na betri. Tuliipakua katika simu kuukuu ya mtoto wake mkubwa, iliyopasuka kioo na kuachwa kabatini, tukawasha Bluetooth, tukasimama hatua mbili kutoka kwenye betri. Jambo la kukumbuka ni kwamba betri nyingi hukubali simu moja tu kwa wakati mmoja. Kama simu ya fundi ingali imeungana nayo, yako haitaiona, nawe utadhani imeharibika. Na usiiunganishe kupitia mipangilio ya kawaida ya Bluetooth ya simu kama uunganishavyo spika. Fungua programu yenyewe na uiache itafute.

Programu ilipofunguka tuliona safu ya namba 16, ambazo ndizo volti za seli, na juu yake jumla, joto, na asilimia. Kusoma hakukuhitaji neno la siri. Kubadilisha ndiko kulikohitaji, na hapo mpwa wetu akatabasamu, akaandika 1234, mlango ukafunguka. Betri nyingi hutoka kiwandani na neno jepesi namna hiyo, na mafundi wengi hawalibadilishi. Hebu fikiri: nyumba zetu zimegusana bega kwa bega, na kijana yeyote wa jirani aliye na programu hiyo angeweza kuzima nyumba ya mwenzake akiwa ameketi barazani. Neno lilibadilishwa papo hapo, likaandikwa katika daftari.

Sasa turudi kwenye ugonjwa wenyewe. Ilikuwa saa saba unusu, jua liko utosini, na programu ilionyesha kwamba msimamizi alikuwa amekata njia ya kuchajia. Seli ya 11 ilikuwa imegonga volti 3.65 ilhali seli ya 4 iko kwenye 3.36. Yaani kila adhuhuri seli moja ilijaa mbele ya wenzake, msimamizi akafunga mlango kuilinda, na nyingine 15 zikabaki bila kushiba. Usiku mambo yaligeuka: seli ya 4, iliyoanza ikiwa nyuma, iliishiwa kabla ya wengine, na msimamizi akazima nyumba nzima kuiokoa. Kwa hiyo betri haikuwa mbovu, na msimamizi wake alifanya kazi aliyoajiriwa.

Kosa lilikuwa kwenye inveta. Mpwa wetu alifungua mipangilio yake akakuta aina ya betri iliyochaguliwa ni ile ya kale, ya risasi na tindikali, ambayo sisi tumezoea kuiita betri ya maji. Kwa chaguo hilo inveta ilikuwa ikisukuma hadi volti 58.4. Gawanya kwa 16 utapata 3.65 kamili, yaani ukingo wa shimo. Betri ya maji huvumilia kusukumwa. Lithiamu ambayo seli zake hazijasawazika haivumilii.

Na ile asilimia 50 iliyomdanganya jirani yetu? Betri ya maji hushuka volti taratibu kadiri inavyotumika, hivyo kwa kupima volti waweza kukisia kilichobaki. Seli za lithiamu ya fosfati hukaa karibu na volti 3.3 sehemu kubwa ya safari, kisha mwishoni huporomoka kwa ghafla. Inveta, ikidhani ina betri ya maji, ilipoona jumla ya volti 49 ilikisia nusu. Kwa lithiamu, volti 49 ni mwisho wa safari. Msomaji asiyekumbuka jambo jingine lolote katika makala haya na alikumbuke hili: asilimia inayoonyeshwa na inveta ambayo haisemezani na msimamizi wa betri ni ramli.

Kusemezana huko hufanywa kwa kebo. Kwa sura ni kama kebo ya intaneti, na kichwa chake ni kile kile, lakini mpangilio wa nyuzi zake ndani waweza kutofautiana, ndiyo maana kebo iliyookotwa dukani mara nyingine haifanyi kazi. Betri huwa na matundu mawili au matatu yanayofanana kabisa, moja limeandikwa CAN, jingine RS485, na kila moja lina lugha yake. Kebo ya jirani yetu ilichomekwa RS485 ilhali inveta ilisubiri CAN. Yamkini fundi wa kwanza aliona alama ya kosa kwenye kioo, jua likawa linatua, akachagua aina ya betri isiyohitaji mazungumzo, alama ikatoweka, akachukua chake akaenda. Hatumhukumu zaidi ya hapo. Lakini alama ya kosa kutoweka si ushahidi kwamba kosa limetoweka.

Kabla ya mtu yeyote kugusa kitu, mavyaa wa jirani yetu, aliyekuwa ameketi kitandani akitutazama, alinena kwa sauti ya kuamrisha: "Vueni bangili." Tulicheka, lakini bibi alisema kweli, na mpwa wetu alimuunga mkono. Bangili ya dhahabu au pete ikiunganisha ncha mbili za betri kama hii hupitisha mamia ya ampea kwa nukta moja. Chuma huyeyuka, na ngozi iliyo chini yake huungua hadi nyamani. Mikono mipana ya abaya hukunjwa, watoto hutolewa chumbani. Na ncha za betri ni kazi ya fundi. Huyo fundi aombwe leseni yake: mafundi wa sola nchini hupewa leseni na mamlaka ya nishati, EPRA, kwa madaraja ya T1 hadi T3, na mtambo wa nyumba uliounganishwa pia na stima ya mtaa ni wa daraja la juu. Hakuna adabu iliyovunjwa kwa kumwomba mtu karatasi yake.

Mpwa wetu alizima mtambo kwa utaratibu wa kijitabu, akahamisha kebo, akahakikisha vile vitufe vidogo vya anwani ubavuni mwa betri vimekaa kama kijitabu kilivyoagiza, kisha katika inveta akachagua lithiamu na lugha inayolingana na betri ile. Baada ya dakika mbili kioo kikaandika asilimia 71, na simu kuukuu ikaandika 71. Tangu hapo msimamizi ndiye anayeiambia inveta isukume hadi wapi na kwa ampea ngapi.

Kwa wale ambao inveta yao ni ya zamani na haina tundu la mazungumzo, namba huandikwa kwa mkono chini ya chaguo la mtumiaji. Kwa betri ya seli 16, mpwa wetu hupendelea kikomo cha kuchaji cha volti 55.2, volti 54 za kushikilia baada ya kujaa, na inveta ikate matumizi kwenye volti 48, ili isimngoje msimamizi afike kwenye kikomo chake cha mwisho. Ampea za kuchajia zisizidi nusu ya ukubwa wa betri, yaani 50 kwa betri ya 100. Yeye huweka 30, asema betri haina haraka maadamu jua lipo kutwa. Lakini kijitabu cha betri yako ndicho chenye neno la mwisho, na wenye betri ya seli 15 wasizinakili namba hizi, kwa maana zitakuwa kubwa mno kwao.

Ilibaki seli ya 11 na tofauti yake. Kwa siku za mwanzo aliishusha kikomo hadi volti 54.4 na ampea 10 tu, ili betri ikae juu kwa saa nyingi bila seli yoyote kugonga dari, msimamizi apate nafasi ya kusawazisha. Jirani yetu alipewa kazi ya kuandika kila siku baada ya Alasiri namba mbili tu, seli ya juu kabisa na ya chini kabisa. Siku ya kwanza tofauti ilikuwa 0.17. Siku ya nne, 0.08. Siku ya tisa ilikuwa 0.02, na hapo kikomo kikarudishwa 55.2. Daftari hilo tumeliona, limeandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko wetu.

Kuna mambo katika programu ambayo yatakutamanisha kuyagusa, nasi twakusihi uyaache. Vikomo vya seli, 3.65 na 2.5, si vya kuchezewa. Idadi ya seli na aina ya betri ni vivyo hivyo. Tumesikia pia habari ya bwana mmoja aliyebadilisha ukubwa wa betri kutoka 100 hadi 200, akafurahi kuona inashuka pole pole. Ilishuka pole pole kwenye kioo. Na akitokea fundi wa kukwambia kwamba msimamizi ndiye anayekusumbua, basi amwondoe na kuunganisha seli moja kwa moja, mkaribishe chai, kisha mwonyeshe mlango.

Mengine ni ya matumizi. Birika la stima la wati 2000 huchota ampea 40 na zaidi kutoka kwenye betri hii. Ukiongeza pasi na pampu ya maji kwa wakati mmoja wakaribia kikomo, na msimamizi aweza kukata kwa sababu hiyo pekee. Tulikuta pia betri imefunikwa kanga, nzuri kweli, ili isichukize wageni. Kanga iliondolewa. Wakati wa Kaskazi chumba kile hupata joto kali, na joto hula umri wa betri kuliko kitu kingine, nayo yahitaji hewa pande zote. Chumvi ya bahari nayo hula ncha za shaba, hivyo fundi azikague na kuzikaza japo mara moja kwa mwaka.

Simu kuukuu sasa ina kazi yake. Imetundikwa msumarini karibu na betri, na daftari chini yake: jina la programu, neno la siri, namba za inveta kama zilivyo leo, na nambari ya fundi. Mtoto wa pili, wa miaka 12, ameshajifunza kuisoma. Mume amepigiwa picha kurasa zote mbili akazipata huko Doha, naye akakiri kwamba neno la siri jipya ni gumu kuliko la benki yake.

Jumatano iliyopita stima ya mtaa ilikatika tena, tangu Isha hadi jua kuchomoza. Saa kumi na dakika 10 alfajiri simu yetu ililia. Ilikuwa picha ya kioo kile kilichopasuka: asilimia 38, seli ya juu 3.29, ya chini 3.28, na nyuma yake, kwa mbali, taa ndogo ya friji.

Wiki ijayo, inshaAllah, tutajibu barua mbili za wasomaji wa Malindi walioulizia pampu za visima vya maji ya chumvi.